Karo Haimalizi Malezi



Si haba jamaa za kwetu zinazokaa nchi za mbali kwa ajili ya kazi. Baba aitwa kazini Geneva, mama na watoto wafuatana naye, na mara lazuka swali: mtoto atasoma wapi? Shule za serikali mjini humo hufundisha kwa Kifaransa, naye mtoto hakijui. Tena baada ya miaka michache huenda baba akahamishwa. Hivyo wengi huchagua shule ya kimataifa.

Wala hatuwalaumu. Shule hizo zilianzishwa kwa haja hiyo hasa. Mwaka 1924 ilifunguliwa moja Geneva kwa watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Mwaka 1968 mji huohuo ukazaa mpango wa masomo uitwao International Baccalaureate, ili mtoto anayehamahama asianze upya katika kila nchi.

Lakini liko kosa moja. Karo ikiisha kulipwa, mzazi hudhani ametimiza yote. Mtoto arudi jioni akisema Kiingereza, nao wazazi kwa furaha wamjibu kwa Kiingereza. Sala ya jioni yaachwa kwa sababu ya kazi za shule. Miaka 5 yapita. Siku ya likizo mtoto afika kwa bibi yake; bibi ambariki, amwuliza habari; mtoto anyamaza, amtazama mama yake amtafsirie. Je, huyo si mgeni kwao?

Mkumbukeni Musa. Alikulia nyumbani mwa Farao, akafundishwa elimu yote ya Misri. Lakini aliyemnyonyesha ni mama yake mwenyewe, tena kwa ujira wa binti Farao. Naye alipokuwa mtu mzima aliwaendea ndugu zake, akayaona mateso yao. Elimu ya ugenini haikumsahaulisha kwao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulitufundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Shule ni msaidizi wao.

Basi, siku ya kumwandikisha mtoto, msiulize habari za karo na basi tu. Ulizeni habari za lugha: katika miaka 2 ya mwisho mpango tulioutaja humpa mwanafunzi nafasi ya kusoma fasihi ya lugha yake, na Kiswahili kimo. Tafuteni parokia iliyo karibu na siku za katekisimu. Nyumbani iwe sheria: mezani Kiswahili, na usiku rozari, hata kama ni tendo moja. Jumapili mtoto amwite bibi yake kwa simu, azungumze naye mwenyewe, pasipo mkalimani.

Shule ya Farao haimpotezi mtoto ambaye mama yake angali akimlea. Mungu awabariki huko mliko.