Mwamba Ngoma na Uchaguzi wa Haki

Msomaji, huenda siku moja ukawa nahodha wa timu ya shule, nawe ukatakiwa kuchagua kati ya mchezaji mzoefu aanzaye kuchoka na kijana ambaye bado hajajaribiwa. Ya kesho hayajulikani. Utachaguaje kwa haki? Na je, ikiwa mzoefu huyo ni wewe mwenyewe?

Swali hili liliwafikia watu wawili huko Marekani katika mchezo wa besiboli. Katika mchezo huo mpigaji huupiga mpira kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Walinzi wawili husimama katikati, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa kituo cha pili. Yule aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu hupata mipira mingi iliyo migumu. Sharti awe mwepesi wa miguu na mwenye mkono wa nguvu. Umri ukisonga, nafasi hii haimfichi mtu.

Mwaka 1939 nafasi hiyo katika timu ya Boston Red Sox ilikuwa ya Joe Cronin, mwenye umri wa miaka 32, ambaye pia alikuwa meneja. Katika timu ya Louisville, iliyokuwa chini ya Boston, alikuwapo kijana aitwaye Pee Wee Reese. Mwaka huo huo kijana huyo aliuzwa kwa Brooklyn Dodgers. Wengi wamesimulia kwamba Cronin hakutaka mrithi. Lakini yaliyo moyoni mwa mtu hayaonekani. Tena Cronin alikuwa bado hodari, na kijana yule angaliweza kushindwa. Kumlaumu kwa sababu tu Reese alistawi baadaye ni kumdai binadamu utabiri.

Hatari ilikuwa mahali pengine: mwenye kushika mizani alikuwa mmoja wa waliopimwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata mtu mwaminifu, asiyekusudia kudanganya, huziona nguvu zake kwa karibu na dosari za mwenzake kwa ukubwa.

Huko Brooklyn, Leo Durocher naye alikuwa meneja na mchezaji wa nafasi ile ile. Mwaka 1940 alimpa Reese nafasi yake. Kijana aliumia mwaka huo, na mwaka 1941 alifanya makosa mengi. Hata hivyo Durocher hakumwondoa, na timu ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa. Huenda miguu ya Durocher ilikwisha kuchoka. Lakini hata kama Reese asingalistawi, kumpisha kijana astahiliye kujaribiwa kungalibaki kuwa tendo jema. Cronin naye alikuja kumwachia Johnny Pesky nafasi mwaka 1942. Ama Reese, alikuwamo Brooklyn iliposhinda ubingwa wa taifa mwaka 1955.

Basi, kijana, utakapochagua pasipo hakika, jiulize mambo mawili. Ningalimchagua nani kama jina langu lisingalikuwamo? Na ni nani, asiye na faida katika jambo hili, awezaye kunishikia mizani? Ukiyajibu kwa unyofu, waweza kukosea bado. Lakini kosa lako halitakuwa dhuluma.