Kuchagua kwa Niaba ya Mwili wa Mwingine

Kila kazi ya mikono ina hatari yake, na kila hatari ina elimu yake. Wapokomo wakaao kandokando ya mto Tana wamelijua jambo hili tangu zamani. Mtumbwi ni chombo chembamba, na mto una mamba na viboko; kwa hiyo mtu hakabidhiwi kafi kwa sababu amesikia habari za kafi. Hufundishwa penye maji machache, na mtu ambaye mwenyewe huvuka. Mwalimu na mwanafunzi wamo katika mtumbwi mmoja, na ukipinduka wote wawili huloa.

Katika kazi kubwa za siku hizi mambo ni mengine. Barabara itokayo Lamu kupita Witu mpaka Garsen, yenye urefu upatao kilomita 135, imetiwa lami katika miaka ya karibu. Kazi za namna hii huja na mitambo mizito, mahandaki, zege na majukwaa ya juu. Mafunzo ya usalama ya wazifanyao huchaguliwa ofisini, mara nyingi na mtu asiyeshuka handakini. Yeye ndiye alipaye ada na kuhifadhi vyeti. Lakini mwili utakaofukiwa, kama mafunzo hayakufaa, si wake. Hapa ndipo lilipo swali letu: mtu achague kwa mizani gani jambo ambalo kosa lake litalipwa na mwili wa mwingine?

Yamkini msomaji atajibu kwamba sheria imekwisha kutoa mizani hiyo. Ni kweli kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humlazimisha mwenye mahali pa kazi kuwapa watu wake habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi hutaka pawe na kamati ya usalama. Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani nalo liliweka usalama kazini katika haki za msingi za wafanyakazi wa ulimwengu mzima. Hata hivyo, sheria yaweza kuamuru mafunzo yatolewe, lakini haiwezi kuamuru yapendwe. Mwajiri aweza kununua saa mbili za maneno ya Kiingereza, yakasemwa mbele ya vibarua wazungumzao Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, kisha kila mmoja akatia sahihi. Karatasi imetimia, na mfanyakazi amerudi kazini na ujinga uleule aliokwenda nao.

Na ujinga huo si jambo dogo. Tufikiri juu ya handaki katika udongo uliowekwa na mafuriko ya Tana. Udongo huo ni laini kuuchimba, na kwa ulaini wake huo ni mwepesi kuporomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo mbichi ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Ukimkaba mtu kifuani hawezi kupumua, ijapokuwa kichwa chake ki nje. Mafunzo ya kweli humwonyesha kibarua, palepale ukingoni, jinsi ya kukagua kuta kila asubuhi na baada ya kila mvua, jinsi ya kuzitegemeza kwa mbao, na kwa nini udongo uliochimbwa usirundikwe karibu na shimo.

Mkandarasi mdogo ana hoja yake, nayo haifai kudharauliwa. Husema kwamba mafunzo mazuri ni ghali, na kwamba akipandisha bei atanyimwa zabuni, na vibarua wale wale tunaowahurumia watakosa riziki. Lakini na tupambanue kilicho ghali na kilicho cha lazima. Ukumbi wa kukodi na cheti chenye muhuri wa kung'aa vyaweza kuachwa. Fundi mzoefu afundishaye handakini, kwa lugha ifahamikayo, hawezi kuachwa. Tena atoaye zabuni, hasa serikali, auhesabu usalama katika bei tangu mwanzo, ili mwaminifu asishindwe na mzembe.

Wengine husema: jitihada haiondoi kudura. Sawasawa, lakini methali hiyo ni faraja kwa aliyekwisha kujitahidi, wala si udhuru wa asiyejitahidi. Kifo kinaweza kuwa kudura. Ukuta usiotegemezwa ni kazi ya mtu.

Basi mizani ni hii: achaguaye mafunzo ayahudhurie mwenyewe, kisha ajiulize kama angethubutu kushuka shimoni akiwa na elimu hiyo peke yake. Akiogopa, hajachagua bado.

Na liko jambo moja ambalo mafunzo yakilikosa, hayafai: kumpa mfanyakazi kinywa cha kusema hapana. Sheria ile ya 2007 humtaka aarifu hatari kubwa iliyo karibu, wala haimruhusu mwajiri kumrudisha hapo kabla haijaondolewa. Nchi ya Tana inaijua vema thamani ya neno hilo. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa mpaka wakafa, kwa kuwa walikataa kazi ya kulazimishwa katika mpango wa kunyunyizia mashamba. Na wakubwa wa serikali ya kikoloni walitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ule ulikuwa ukatili wa makusudi, na uzembe wa mkandarasi si sawa nao. Lakini mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba mwili wa afanyaye kazi ni mali ya aiamuruye kazi.

Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wasimamizi na wakandarasi, na siku moja karatasi ya kuchagua mafunzo italetwa mezani penu. Kabla ya kuitia sahihi, tokeni mkawaulize wachimbao wanaogopa nini. Wao wanalijua shimo.