Saa za Nani?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chamwezesha mwalimu wa Njombe au karani wa Makambako kusomea shahada ya uzamili pasipo kuacha kazi. Twalisifu jambo hili. Lakini twauliza: saa za masomo zatoka wapi? Akizitoa katika usingizi wake, hiyo ni sadaka yake. Akifungua kitabu chake huku wanafunzi wamekaa bila somo, ametwaa mali ya watu. Tena watoto wake nyumbani wana haki yao. Mshika mbili, husema wahenga, moja humponyoka. Basi na aangalie isimponyoke ile aliyokabidhiwa kwanza. Heri achelewe mwaka mmoja kuhitimu, apokee shahada kwa mikono safi.