Ndawa na Njaga

Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye banda la kukaushia tumbaku kule Kuria, Migori. Nikiwa mtoto nilikesha nikichochea kuni ili moto usizime. Bangi niliikuta ziwani, Mbita, nilipokwenda kuvua omena. Usiku una baridi, na jirani yako chomboni anakupa msokoto hata hujaomba.

Nilipookoka niliacha bangi, sigara nikabaki nayo. Nilikuwa na hoja: bangi inakufunga kwa sheria ya 1994, lakini sigara inauzwa moja moja kwenye kioski, kiberiti cha gesi kikining'inia kwa kamba dirishani. Dhambi gani hiyo yenye stempu ya ushuru? Wajaluo huiita bangi njaga, na tumbaku ndawa. Sikio langu lilisikia dawa.

Miezi mitano ikapita. Jioni moja, karibu na gati la Homa Bay, nilinunua sigara. Nilipotazama chini, vidole vilikuwa vikiifikicha tumbaku imwagike, kama tulivyozoea chomboni tulipotaka ganda la kujazia bangi. Sikuwa nimeamua lolote. Usiku huo nilivuta bangi.

Mwaka 2013 Margaret Haney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliripoti kwamba wavuta bangi wanaovuta pia sigara hurudia bangi kwa wepesi kuliko wasiovuta. Swali langu lilikuwa jingine: mkono ukitangulia akili, nani ametenda dhambi?

Nilimpelekea mzee mmoja Msabato. Wasabato wako Gendia tangu 1906, na anayetaka ubatizo kwao huacha tumbaku kwanza. Awali mimi niliwacheka, nikasema Yesu hakuitaja tumbaku. Mzee alinisikiliza, kisha akauliza:

"Nyathina, mwanangu, kiberiti bado unatembea nacho?"

Kilikuwa mfukoni.

Ndipo nilipoelewa kwamba pale gatini nilivuna tu. Dhambi niliitenda miezi mitano nyuma, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na kifungu cha sheria mdomoni, nilipochagua kubaki na sigara. Unayetaka kuacha bangi, usiniige: ziache zote mbili siku moja, na ukishindwa peke yako, tafuta wa kukusaidia.

Kiberiti changu anacho mke wangu, jikoni.