Mlango Usiofikika

Tahadhari kabla ya hatari, tunaambiwa tangu utotoni. Lakini je, tahadhari ambayo hatari haiwezi kuifikia bado ni tahadhari?

Swali hili limenikaa kichwani nikisoma, kwa masomo yangu ya uzamili, msimbo wa libvirt, programu huria inayosimamia kompyuta pepe. Anayeijua Kariakoo ataelewa kazi yake upesi. Jengo moja hugawanywa fremu nyingi, na kila mfanyabiashara hufungua na kufunga kwake kana kwamba jengo lote ni lake. Kompyuta pepe ni fremu. Libvirt ni msimamizi wa jengo.

Kwa miaka mingi, kila walipoomba memori, waandishi wake walijiuliza: ikikosekana, je? Chini ya ombi wakaandika mistari ya kusafisha kilichoanzwa na kutoa taarifa ya hitilafu. Kuanzia mwaka 2019 programu ikahamia kwenye maktaba ya GLib. Humo, njia za kawaida za kuomba memori hazirudishi jibu la "imekosekana". Ikikosekana, huisimamisha programu palepale. Mistari ile ya tahadhari ikabaki, lakini hakuna njia ya kuifikia. Ikaanza kuondolewa.

Mtu atasema: iacheni, inamdhuru nani? Inamdhuru msomaji. Akiiona ataamini kwamba hapo pana pa kutokea. Mlango wa dharura uliozibwa kwa tofali nyuma yake ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa sababu ukuta haumdanganyi mtu. Kariakoo, ambako soko kuu liliungua Julai 10, 2021, hilo halihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, uzito wa kimaadili hauko kwenye kufuta. Uko kwenye uamuzi uliotangulia: kukubali kwamba memori ikikosekana, programu ife. Uamuzi huo una utetezi. Linux mara nyingi huahidi memori kwanza, na upungufu hujitokeza baadaye, kwa hiyo njia ya zamani ilitumika kwa nadra na ilikuwa ngumu kujaribiwa. Tena msimamizi akianguka, fremu hazifungwi: kompyuta pepe za QEMU huendelea kufanya kazi, naye akiamka huunganishwa nazo upya. Kufuta ni kutangaza tu kwamba ahadi ya zamani imekwisha.

Ninachokiogopa ni watu kuchanganya mambo mawili. "Haijawahi kutumika" si "haiwezi kutumika." Mtungi wa kuzimia moto ulioning'inia miaka kumi bila kuguswa haujawahi kutumika, anayeung'oa kwa sababu hiyo anacheza na maisha ya wapangaji. Mtungi uliofungiwa chumba kisicho na mlango hauwezi kutumika. Anayeuacha kwenye orodha ya vifaa vya usalama anawadanganya wapangaji haohao. Kwa hiyo mwenye kufuta ana deni la kuthibitisha, na mwenye kuacha naye analo.