Makombo Yetu Yaenda Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeitandaza ardhi na akakadiria ndani yake riziki za viumbe vyake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa katika darsa suala ambalo tumeona lastahili kujibiwa hapa ili lisomwe na wengi. Aliyeuliza ni mama mwenye nyumba, naye asema: wali uliobaki harusini ukitiwa mfukoni ukatupwa jaani, je, mtupaji ana dhambi? Na ikiwa ana dhambi, afanyeje, na wali wenyewe umekwisha chacha hauliki tena?

Suala la kwanza jawabu yake ni nyepesi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mola wetu ametuamrisha tule na tunywe, na papo hapo akatukataza kupita mpaka. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, amekataza ubadhirifu, na wabadhirifu akawahisabu ni ndugu wa mashetani. Mtume (s.a.w.) naye, kama alivyopokea Muslim, ametufundisha kuwa tonge likituanguka tuliokote, tuliondoe taka, tulile, wala tusimwachie shetani, na ametuamrisha tukombe sahani, kwa kuwa hatujui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chetu. Basi ikiwa tonge moja lina hukumu yake, sinia nzima ya biriani ina hukumu gani?

Wazee wetu waliyajua haya bila ya kufunguliwa kitabu. Mtu akiona kipande cha mkate njiani hukiokota akakiweka juu ya dirisha kisikanyagwe. Mwiku uliliwa asubuhi kwa chai, na ukoko watoto wakiugombania. Leo mwiku umekuwa aibu, na mama akimtengea mgeni wali wa jana huambiwa amemdharau. Harusini ndiko zaidi. Mtu huwaalika watu mia tatu akapika cha mia tano, si kwa ukarimu, bali kwa kuogopa maneno. Na anayehisabu wageni wake akapima mchele wake huitwa bahili. Na matangani ni vivyo hivyo. Ilipokuja habari ya kufa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wao wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeigeuza sunna hiyo: wafiwa ndio wapikao, nao wakope, kisha nusu ya kilichopikwa ikalale jaani. Hilo tumelisema mara nyingi na tutazidi kulisema.

Huenda mtu akasema kuwa israfu ya chakula ni jambo la matajiri wa ng'ambo, si letu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa kwetu Nairobi, lilitoa taarifa yake mwaka 2024. Lasema kuwa katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 1,050 za chakula, na katika kila tani 10 zilizotupwa, 6 zilitoka majumbani, si mahotelini wala madukani. Kila mtu, kwa wastani, nyumba yake hutupa kilo 79 kwa mwaka. Na lililotushangaza ni kuwa tofauti baina ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati, ambazo Kenya ni mojawapo, haizidi kilo 7 kwa mtu. Kweli hesabu hiyo imetia pia maganda na mifupa. Lakini fanyeni hesabu ya nyumba ya watu saba kwa wastani huo: ni kilo 553, yaani zaidi ya magunia 11 ya kilo 50. Na mwaka huo huo watu milioni 783 walikuwa na njaa.

Sasa tutazame makombo hayo yaendako. Yatoka jikoni katika mfuko uliofungwa, yakawekwa pembe ya mtaa. Mbuzi aja akala chakula pamoja na mfuko, na plastiki humkaa tumboni mpaka akafa. Panya hula usiku na kunguru mchana. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya kwisha mwaka ule, hawa kunguru wenye asili ya Bara Hindi walioijaza pwani yetu na kuwamaliza ndege wengine. Kumuua kunguru si haramu, naye ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata katika Haram ya Makka. Lakini twauliza: ni nani anayewalisha kila siku wakazidi? Tutawatilia sumu kwa mkono huu na kuwatengea wali kwa mkono wa pili?

Kinachosalia hupakiwa garini. Miaka mingi kilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, na kila aliyevuka Makupa aijua harufu ile. Jaa lile lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010, taka zikaendelea kupelekwa Mwakirunge, ambako nako kuna watu na watoto wao. Na chakula kikifukiwa chini ya lundo kubwa pasipo hewa hakiozi kama kiozavyo shambani. Hutoa hewa iitwayo methani, ambayo katika muda wa miaka 100 huitia dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko hewa ya kaboni ya uzito ule ule. Na hewa hiyo ndiyo ishikayo moto majaani, moshi wake ukaingia vifuani mwa jirani. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi anayeuweka udhia njiani ajipime mwenyewe.

Twaja kwenye suala la pili, nalo ndilo zito: kilichokwisha haribika kifanywe nini? Wengi hudhani kuwa chakula kikiwa hakiliki haki yake imekwisha. Sivyo. Katika safari ya Tabuk watu walishuka Hijri, nchi ya Thamud, wakateka maji ya visima vyake wakakandia unga. Mtume (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, aliwaamrisha wayamwage maji, na ule unga uliokandwa wawape ngamia. Yatazameni maneno haya: maji yalimwagwa, lakini unga haukutupwa, ulihamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Na mara nyingine aliwapitia kondoo mfu aliyekuwa wa mwanamke aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Waliposema kuwa ni mzoga, akawajulisha kuwa kilichoharimishwa ni kumla tu. Basi kutofaa kwa kuliwa si kutofaa kwa kila jambo.

Kutokana na hayo twasema kuwa haki za makombo zina daraja. Kwanza kisibaki, kwa kupika kwa kipimo. Kikibaki ni haki ya mtu, naye apewe kingali chema, usiku ule ule, katika chombo safi. Baadhi yetu hungoja mpaka kikanuke ndipo wamkumbuke maskini, na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 267, kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingelikipokea illa kwa kufumba macho. Asipopatikana mtu, ni haki ya mnyama. Lakini hapa yafaa ujuzi: wali mwingi humvimbisha mbuzi na huweza kumuua, na chakula kilichoota ukungu ni sumu kwake na kwa kuku, kwa hivyo apewe kidogo, tena kisichooza, kwani kumdhuru mnyama kwa jina la sadaka si sadaka. Kilichopita hapo, pamoja na maganda ambayo hayakuwa chakula tangu mwanzo, ni haki ya ardhi. Hii ndiyo daraja tuliyoisahau kabisa.

Na njia yake si ngumu. Chukua debe au pipa kuukuu, ulitoboe matundu chini na ubavuni, uliweke juu ya mawe mawili lipate hewa. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyochanwa. Kisha kila siku tia maganda ya ndizi, ya muhogo na ya mbatata, machicha ya nazi, majani ya chai, mabua ya mchicha. Na juu ya kila kibaba kimoja cha vitu hivyo vibichi tia vibaba viwili vya vikavu, kama majani makavu, unga wa mbao au makaratasi ya maboksi yaliyochanwa. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kila wiki ligeuze. Ukitia mkono utaona joto, nalo ni alama ya kuwa kazi yaenda. Likinuka, limelowa mno au limekosa hewa. Zidisha vikavu na uligeuze tena. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji, nyeusi, yenye kumomonyoka, harufu yake kama ya mchanga ulionyeshewa mvua. Samaki, nyama na mafuta visitiwe pipani, kwani huita panya na paka. Mwenye kiwanja avifukie dhiraa moja chini ya mnazi wake. Vifuu havifai humo, havina haraka ya kuoza; hivyo ni vya kuwashia moto.

Tumeambiwa: sisi twakaa ghorofani, shamba tulitoe wapi? Roshani yatosha pipa moja na vyungu vitatu vya mrihani, mpilipili na mchicha. Na Mtume (s.a.w.) ametubashiria kuwa Mwislamu akipanda mmea, akala ndani yake ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka, wala hakuweka sharti la ukubwa wa shamba. Wengine husema: sheria ya nchi ya mwaka 2022 yataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza, nasi tukizitenga gari huja likazichanganya, basi twajisumbua nini? Twajibu kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuzimaliza nyumbani. Ganda lisiloingia garini halichanganywi na mtu.

Limebaki suala la tohara na la kuuza, kwani kuna vijana wa mitaani wameanza kukusanya maganda ya majirani, nao wataka kujua hukumu. Mboji ya maganda na majani ni tahiri, haikuingiwa na najisi, na kuiuza ni halali kama kuuza mkaa. Ikichanganywa na samadi ya mbuzi au ya ng'ombe, katika madhehebu yetu ya Shafii samadi ni najisi: yajuzu kutiwa shambani, na mmea utokao humo ni tahiri, lakini kuiuza haisihi. Wanavyuoni wa Maliki na wa Hanbali wameihukumu tahiri samadi ya mnyama aliwaye. Mwenye kutaka kutoka katika hitilafu hii aiweke samadi mbali na mboji. Auze mboji, na ile samadi ampe mwenye shamba bure, achukue ujira wa kuibeba.