Dhamana ya Rubani

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani. Wapwani walimwita hivyo mtu ajuaye njia ya maji, miamba na mikondo, aliyekabidhiwa roho za watu na mali zao. Ndege zilipokuja, neno likapaa nazo, na dhamana ikabaki ileile. Kwa hiyo swali linalomkabili rubani wa leo si geni kwa watu wa visiwani: mtu aliyepewa jawabu na chombo, bila ya kujua jawabu hilo limetoka wapi, je, anaijua njia, au anaburutwa tu?

Swali hilo limo ndani ya kifaa kidogo ambacho wanafunzi wa urubani wangali wakifundishwa kukitumia: kikokotoo cha mkono, ambacho aina yake mashuhuri huitwa E6B. Asili yake ni kazi ya Mmarekani Philip Dalton katika miaka ya 1930. Mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1941, akimfundisha mwanafunzi. Upande mmoja una duara mbili za tarakimu, moja ikizunguka ndani ya nyingine, kwa hesabu za muda, mwendo na mafuta. Upande wa pili una kioo cha mviringo na kibao chenye mistari, cha kupimia athari ya upepo. Hakina betri wala umeme.

Na ichukuliwe safari ya mfano, mbali na bahari. Kijana wa Nyaishozi, katika vilima vya kahawa na migomba vya Karagwe, amesomea urubani, labda katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Sasa anaruka kutoka Bukoba kuelekea kwao, upande wa kusini-magharibi. Ndege yake inakwenda noti 100; upepo wa kusini-mashariki, nduguye kusi, unampiga ubavuni kwa noti 20. Akielekeza pua ya ndege moja kwa moja Nyaishozi kama ramani isemavyo, baada ya nusu saa atakuwa amesukumwa maili 10 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 18, kuelekea vilima vya Kyerwa. Kikokotoo kitamwonyesha kwamba yampasa kuigeuza pua kiasi cha digrii 11 au 12 upande utokako upepo, na kwamba mwendo wake juu ya ardhi utakuwa noti 98. Nahodha wa jahazi anaielewa hekima hiyo: hulenga asikokwenda ili afike aendako.

Lakini sifa kubwa ya kifaa hiki imo katika upungufu wake. Duara lake halina nukta ya desimali. Tarakimu 15 yaweza kuwa lita 1.5, au 15, au 150, na kifaa hakisemi ni ipi. Mtu akiweka alama ya upepo upande usio wake, kitamjibu vilevile, bila ya kusita. Kabla ya kuliamini jawabu, sharti awe amekwisha kulikadiria. Chombo kinamsaidia kukokotoa. Kuhukumu kimemwachia mwenyewe.

Hivyo hata kukichagua si jambo la bei tu. Cha karatasi ngumu ni rahisi, ila unyevu hukivimbisha. Cha plastiki hupinda kikisahauliwa juani. Cha aluminiamu hudumu, na gharama yake ni kubwa zaidi. Mwanafunzi atazame kama duara lazunguka bila ya kulegea na kama tarakimu zasomeka katika mwanga hafifu. Aulize mapema ni aina gani inayoruhusiwa katika mtihani wake, na aingie na kilekile alichofanyia mazoezi. Zaidi ya yote, aandike kadirio lake pembeni kabla ya kukigusa.

Wako watakaosema kwamba mashine za elektroniki ni nyepesi zaidi na hazichoki. Ni kweli, na rubani anayezikataa kwa majivuno huwadhulumu abiria wake sawa na yule asiyejua hesabu. Elimu haitukuki kwa ukongwe wake. Kosa si kutumia mashine; kosa ni kuikabidhi dhamana ambayo haiwezi kuulizwa.

Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid wa Julfar aliiandika sehemu kubwa ya elimu yake ya bahari kwa mashairi, ukiwamo utungo wa Sufaliya, unaohusu njia ya kwenda Sofala. Mabaharia wa zama zake walikuwa na kibao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal kwa Kiarabu, cha kupimia kimo cha nyota. Lakini kusini ya ikweta Nyota ya Kaskazini haionekani, na kibao hakimwambii mtu ashike nyota gani badala yake. Hilo lilikaa kifuani, likilindwa na vina na mizani.

Aliyelihifadhi shairi kwa moyo hugutuka neno moja likikosewa, hata kama kitabu hakimo mkononi, kwa kuwa mizani imevunjika. Sikio la namna hiyo ndilo analodaiwa rubani katika tarakimu zake: jawabu potofu limgutue, hata likitoka katika mashine aiaminiyo. Abiria hawamwoni akikokotoa, wala hawamuulizi. Wamefunga mikanda, wamemwachia.